Kustaafu Si Kukunja Miguu



Katika vikundi vingi hapa kwetu hamkosi mzee au mama aliyestaafu. Alikuwa mwalimu, karani, nesi au fundi. Tangu mwaka wa 2009 mtumishi wa serikali hapa Kenya hustaafu akifika miaka 60. Zamani ilikuwa 55. Siku za kwanza anapumzika. Halafu magoti yanaanza kuuma, kilima cha kwenda sokoni kinaonekana kirefu, na polepole anaacha kutoka nyumbani. Mwishowe anasema, "Mimi sasa ni wa kukaa tu."

Hayo maneno ndiyo yametufanya tuandike makala haya. Wenzetu wa nchi za mbali nao wanazeeka, nao wana magoti. Leo tutaeleza jinsi wastaafu wa Marekani wanavyopanda mlima mmoja mkubwa kwa baiskeli ya umeme. Hatusemi mtu auze ng'ombe akanunue baiskeli hiyo. Lakini hesabu wanayofanya kabla ya kuondoka inamfaa kila mtu mwenye nguvu kidogo na safari ndefu.

Mlima wenyewe

Mbuga hiyo inaitwa Glacier. Iko katika jimbo la Montana, kwenye mpaka wa Marekani na Kanada. Ilianzishwa mwaka wa 1910. Ni nchi ya milima mirefu, maziwa na misitu, na jina lake linatokana na barafu iliyo juu ya milima hiyo. Barafu hiyo inapungua, kama ile ya Mlima Kenya inavyopungua. Wataalamu walipohesabu hali ya mwaka wa 2015, zilibaki barafu 26 tu zenye ukubwa wa kuhesabika. Basi mzee anayetaka kuziona hana sababu ya kungoja.

Barabara moja ya lami inakata mbuga hiyo kutoka magharibi hadi mashariki. Inaitwa Going-to-the-Sun, yaani Kwenda Juani. Ina urefu wa kilomita 80 hivi, na ilifunguliwa rasmi mwaka wa 1933. Mahali pake pa juu kabisa ni Logan Pass, mita 2,026 juu ya bahari.

Msomaji wa Nyahururu atacheka na kusema kwamba yeye analala juu zaidi ya hapo. Ni kweli. Taabu ya barabara hii si hewa nyembamba, ni kupanda. Kutoka mahali panapoitwa Avalanche hadi Logan Pass ni kilomita 26 hivi, na mtu anainuka karibu mita 1,000. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde. Kijana mwenye baiskeli ya kawaida anafika huku anahema. Mtu wa miaka 68 mwenye goti bovu alikuwa anaishia kupaangalia akiwa ndani ya gari.

Baiskeli ya umeme ni kitu gani?

Ni baiskeli kama hizi zetu, ina pedali, mnyororo na gia. Imeongezwa betri na mota ndogo. Ukikanyaga, mota inakusukuma kidogo, kama mtoto anavyosukuma mkokoteni kutoka nyuma. Katika aina inayopendwa na wastaafu wengi, ukiacha kukanyaga mota nayo inaacha. Kwa hiyo si pikipiki. Miguu inafanya kazi, moyo unafanya kazi, jasho linatoka, lakini goti halibebi mzigo wote.

Mwezi wa Agosti 2019 serikali ya Marekani iliagiza baiskeli hizi ziruhusiwe katika mbuga zake, mahali ambapo baiskeli za kawaida zinaruhusiwa. Mota isifike wati 750. Katika Glacier zinapita kwenye barabara, lakini haziruhusiwi kwenye vijia vya msituni.

Hesabu ya betri

Hapa ndipo penye somo. Nguvu iliyo ndani ya betri hupimwa kwa wati-saa. Betri nyingi za baiskeli hizi zina kama wati-saa 500. Kama nyumbani una balbu ya sola ya wati 5, betri hiyo ingeiwasha kwa saa 100.

Sasa tupande mlima. Mzee ana kilo 75, baiskeli ina kilo 25, jumla kilo 100. Kuinua kilo 100 mita 1,000 kunataka wati-saa 270 hivi. Ongeza upepo, msuguano wa tairi, na nguvu inayopotea kwa joto la mota. Ukiiachia mota karibu kazi yote, betri itatoa zaidi ya wati-saa 400. Utafika juu betri ikiwa karibu kuisha. Ukiwa na mkoba mzito, au upepo ukivuma kutoka mbele, au baridi ikiwa kali, itazimika njiani, kwa maana baridi hupunguza nguvu ya betri. Hapo ndipo utakapojua kilo 25 ni nini, ukiisukuma kwa mikono huku jua linazama.

Lakini miguu yako ikifanya nusu ya kazi, karibu nusu ya betri itabaki. Betri ni ile ile na mlima ni ule ule, tofauti ni mgawo wa kazi. Kwa hiyo wazoefu huanza na msaada mdogo wa mota, wakaweka akiba kwa kilomita za mwisho. Mgeni huanza na msaada mkubwa kwa sababu ni raha, halafu analipa baadaye.

Hatari ni nne

1. Kuteremka. Watu huogopa kupanda, kumbe hatari kubwa iko kwenye kurudi. Baiskeli ni nzito na inashika kasi upesi. Usishikilie breki mfululizo, zitapata moto na kupungua nguvu. Finya, achia, finya tena, kwa breki zote mbili, na simama mara kwa mara zipoe. Usidhani betri itajaa ukiteremka. Baiskeli nyingi hazina uwezo huo.

2. Magari. Barabara ni nyembamba. Katika miezi ya joto yenye wageni wengi, baiskeli hukatazwa sehemu fulani kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Wastaafu wengi huja kabla, majira ya kuchipua, theluji inapoondolewa. Kazi hiyo huanza karibu mwezi wa Aprili, na karibu na Logan Pass theluji inaweza kurundikana hadi mita 24. Sehemu iliyokwisha safishwa hufunguliwa kwa baiskeli kabla ya magari. Ni lazima uulize kila siku mwisho uko wapi, kwa sababu mitambo bado inafanya kazi na theluji inaweza kuporomoka.

3. Dubu. Ni mnyama mkubwa mwenye manyoya mengi, na akishtuliwa ni mkali. Baiskeli huenda kimya, unakata kona unamkuta. Watu hupiga kelele wakienda, na hubeba kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia.

4. Mwili wako. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mota inasaidia miguu, haitibu moyo.

Pesa je?

Baiskeli hizi ni ghali. Nzuri huuzwa zaidi ya dola 1,500. Ndiyo maana wengi hukodi kwa siku. Kuhusu kiingilio, raia na wakaaji wa kudumu wa Marekani waliofika miaka 62 hulipa dola 80 mara moja tu, wakaingia mbuga zote za taifa maisha yao yote. Nchi hiyo imeona ni vizuri mzee atoke nje.

Hapa kwetu mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, inaruhusu baiskeli na hata kutembea kwa miguu, na wenyeji hukodisha baiskeli karibu na lango. Si za umeme lazima. Mstaafu anaweza kuanza na hizo, mahali tambarare, polepole.

Turudi kwa yule mzee wetu

Yule anayesema ni wa kukaa tu, hakukosea kwamba nguvu zimepungua. Alikosea kudhani kwamba nguvu zikipungua safari imekwisha. Wale wa Montana nguvu zao zimepungua pia. Walichofanya ni kuzihesabu, kutafuta msaada wa kujazia palipopungua, na kuendelea kukanyaga wenyewe.

Kikundi kijadili:

1. Je, katika kikundi chetu kuna mstaafu aliyeacha kuja mikutanoni? Ni kilima gani kinachomzuia, cha barabarani au cha moyoni?

2. Ni msaada gani mdogo ungemfikisha, bila kumnyang'anya kazi anayoiweza?

3. Tunapoanza mradi, je, tunatumia nguvu zote mwanzoni, au tunaweka akiba ya kilomita za mwisho?

Msiyajadili haya bila yeye. Nendeni nyumbani kwake mkajadili hapo.