Kipupwe kimeingia: Acha kujirusha, rusha tiara!

JUMAPILI mfukoni pamekauka, disko hukanyagi, na sebuleni kwa shemeji wamejaa wageni. Utafanya nini? Kama unaishi Mbagala na mwezi ni Juni, Julai au Agosti, jibu liko juu ya kichwa chako: upepo, bwana! Tena wa bure.

Ndio msimu wa kusi huo. Upepo unatoka baharini, upande wa kusini-mashariki. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 18 hivi na vidosho wa Mbagala wanatoa masweta kabatini. Mchana unavuma mfululizo, na mrusha tiara hataki kingine.

Usidhani ni mchezo wa watoto tu. Ulaya kuna wababa wazima, na ndevu zao, wanaopanda kilimani kwenye baridi kali kwenda kurusha ndege za kuchezea zisizo na injini. Mkononi wana redio ya kuziongozea, basi! Siri yao ni kilima: upepo ukigonga mteremko unalazimika kupanda juu, na ndege inapanda nao. Mwewe anaijua siri hiyo tangu enzi. Mwangalie anavyoelea juu ya bonde bila kupiga bawa. Na wale ndugu wawili wa Kimarekani, Wilbur na Orville Wright, kabla ya kuruka na ndege ya injini mwaka 1903, walianza na tiara mwaka 1899. Sasa nani atakucheka?

Mbagala si tambarare kama Kariakoo. Ina vilima na mabonde, na mteremko unaotazama kule upepo unakotoka ndio kijiwe chako. Usijifiche nyuma ya kilima. Huko upepo unajikunja na tiara itakula mchanga.

Vifaa havina gharama: chelewa za ufagio (omba kwanza, mama asije akakutimua), gazeti au nailoni nyepesi, gundi ya ugali na uzi. Zamani mambo yote yalikuwa mfuko wa rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019. Mkia ni vipande vya khanga kuukuu. Utepe wa kaseti nao ulikuwa unang'ara kinoma, ila siku hizi kaseti yenyewe utaipata wapi?

Kwenye mkia ndipo wengi wanapochemsha. Tiara ikizunguka kama imelewa, mkia ni mwepesi, ongeza. Ikigoma kupanda, ni mzito, punguza. Na hakuna haja ya kukimbia mpaka viatu vikatike! Mshikaji wako asimame na tiara hatua 20 au 30 mbele yako, kule upepo unakoelekea, wewe uupe mgongo. Aiachie, uvute kidogo, ulegeze uzi. Imekwenda hiyo!

Tatizo ni nyaya. Viwanja vilivyokuwa wazi vimeota mabati, na nguzo za umeme ziko kila kona. Laini kubwa zinazopita mitaani hubeba volti 11,000 au 33,000. Tiara ikinasa huko, iage. Usipande nguzo, usichokoe kwa mti, usivute uzi, hasa uliolowa. Yule anayefunga waya mwembamba badala ya uzi ili "isikatike" anatafuta kuzikwa. Tiara nyingine utaitengeneza kwa nusu saa.

Barabara nayo ni noma. Uzi wa nailoni ukikatiza njia, dereva wa bodaboda hauoni mpaka umefika shingoni. Kwa hiyo kaa mbali na Barabara ya Kilwa na vichochoro vyake, tafuta uwanja au bonde lisilo na nyumba, hata kama ni mwendo wa kwa miguu. Beba karanga.

Jua likianza kuzama, anza kukunja uzi. Gizani nyaya hazionekani.