Lugha, Mtandao na Elimu ya Juu katika Makazi ya Dzaleka, Malawi

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kuanzia 2010 baadhi ya wakazi wake walisomea kwa mtandao stashahada ya Chuo Kikuu cha Regis, Marekani, kupitia mpango wa Wajesuiti ulioanzishwa pia Kakuma, Kenya.

Masafa yalipungua, tatizo la lugha likabaki. Wakongo na Warundi huelewana kwa Kiswahili, na wengi wao walisomeshwa kwa Kifaransa. Jirani yao Mmalawi huzungumza Chichewa, ilhali masomo ya mtandaoni yaliendeshwa kwa Kiingereza. Hivyo mkimbizi mwenye akili pevu aweza kukwama mlangoni, kabla hata ada haijatajwa. Kuandaa kozi ya utangulizi kwa Kiswahili kungepunguza kikwazo hicho, tena kwa gharama ndogo.

Kikwazo cha sheria ni kizito zaidi. Malawi, ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, haikukubali kufungwa na vifungu vinavyohusu ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwemo, warejee Dzaleka, wenye stashahada na wasio nayo.