Kizimamoto Kipi Kinaifaa Nyumba ya Mpakani?

Wakazi wa Dabani, wa mji wa Busia na wa upande wa Tororo na Malaba hutuuliza mara kwa mara ni kizimamoto gani wanunue kwa ajili ya nyumba zao. Kabla ya kujibu, nasi huwauliza: ndani ya nyumba yako mna nini? Chombo hiki huchaguliwa kwa kutazama kile kinachoweza kuungua. Ukubwa wake, bei yake na uzuri wa rangi yake ni mambo ya baadaye.

Nyumba nyingi za mpakani zina sura zao. Mbele ni duka, nyuma ni chumba cha kulala, na katikati pametundikwa pazia tu. Humo mna magunia ya mitumba, sigiri ya makaa, mtungi wa gesi, betri ya sola yenye nyaya zilizounganishwa na fundi wa mtaani, godoro la sponji, na mara nyingine, tuseme bila kuzunguka, jerikeni la petroli chini ya kitanda.

Tuanze na hilo jerikeni, kwa kuwa ndilo linaloharibu hesabu yote. Malori ya mafuta yanayoingia Uganda kutoka bohari za Eldoret na Kisumu hupita Busia na Malaba, na tofauti ya bei kati ya pande mbili imewafanya watu wavushe petroli kidogo kidogo kwa miaka mingi. Hata neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa kwetu Busia na baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Baiskeli zimekuwa pikipiki, na baadhi ya mizigo imekuwa petroli.

Petroli hutoa mvuke hata katika ubaridi wa usiku, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na pazia mpaka uikute sigiri au koroboi, kisha moto hurudi kwa njia ileile hadi kwenye jerikeni. Ndiyo maana mtu huapa kwamba petroli yake ilikuwa mbali na jiko, na anasema kweli, ila nyumba imeungua. Watu wa ukanda huu hawajasahau Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, wala Msamvu mjini Morogoro tarehe 10 Agosti 2019. Katika kila mkasa walikufa watu zaidi ya 100 walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Huko palikuwa nje, mahali peupe. Lita 20 zikilipuka katika chumba chenye mlango mmoja, hakuna kizimamoto cha nyumbani kitakachoziweza. Kwa hiyo shauri letu la kwanza halina gharama: petroli isilale ndani ya nyumba wanamolala watu, hata usiku mmoja.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe. Vizimamoto vingi vinavyouzwa katika eneo letu vina mwili mwekundu, na mkanda au maandishi ya rangi nyingine huonyesha kilichomo. Cha maji hufaa kwa vitu vikavu kama mbao, nguo, karatasi na godoro. Kisitumiwe kamwe kwa petroli au umeme: petroli huelea juu ya maji, hivyo maji huisambaza pamoja na moto wake, na maji yakigusa nyaya zenye umeme aliyeshika kifaa anaweza kunaswa. Cha povu, chenye mkanda wa rangi ya maziwa, hufunika petroli na mafuta ya taa vizuri, lakini nacho si cha umeme. Cha kabonidioksaidi, chenye mkanda mweusi, hufaa kwa umeme na hakiachi uchafu. Hata hivyo, pembe yake huwa baridi kiasi cha kuunguza mkono, na katika chumba kidogo hewa hiyo huchukua nafasi ya ile tunayovuta. Hicho tuwaachie wenye ofisi na mitambo.

Kinachobaki ni cha unga mkavu, chenye mkanda wa buluu. Kama maandishi yake yana herufi A, B na C pamoja, basi kinazima vitu vikavu, vimiminika na gesi, na kinaweza kutumiwa penye umeme wa kawaida wa nyumbani. Kwa familia inayoweza kununua kimoja tu, tunapendekeza hiki, cha kilo 6. Kile kidogo cha kilo 1 kinachowekwa ndani ya gari huisha kabla hujapata shabaha. Kina dosari zake pia, na mnunuzi anapaswa kuzijua: unga hujaza chumba wingu zito lisiloonwa ndani yake, na haupozi kitu. Godoro au gunia la mitumba lililozimwa kwa unga huweza kuwaka tena baada ya dakika chache, kwa hiyo baada ya moto kulala litolewe nje na kumwagiwa maji.

Mafuta ya kukaangia tunayataja peke yake kwa ajili ya mama zetu wa chapati, sambusa na mandazi. Karai likishika moto usimwage maji. Maji yakizama katika mafuta ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na maji kidogo hutoa mvuke mara 1,600 na zaidi ya ujazo wake, ukarusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Ondoa moto chini yake kama unaweza kuufikia salama, funika karai kwa mfuniko au sinia kubwa ya bati, kisha liache lipoe bila kulifunuafunua. Kipo kizimamoto maalumu kwa mafuta ya kupikia, chenye mkanda wa njano, na mwenye hoteli ya kukaanga chipsi kutwa nzima hana sababu ya kukikosa. Hata unga ukirushwa kwa nguvu na kwa karibu huweza kuyatawanya mafuta.

Moto wa gesi nao una utaratibu wake: funga valvu kwanza. Ukizima mwali huku gesi ikiendelea kutoka, umebadilisha moto unaouona na mlipuko usiouona.

Unapokwenda kununua, usione haya kukishika na kukikagua. Kipimo cha presha kiwe na mshale katika sehemu ya kijani, pini iwepo na kifungo chake kisiwe kimekatika, na mpira usiwe na ufa. Tafuta tarehe ya ukaguzi, pamoja na alama ya ubora ya UNBS upande wa Uganda au ya KEBS upande wa Kenya. Cha kabonidioksaidi kwa kawaida hakina kipimo hicho, bali hupimwa kwa uzito. Maelezo karibu yote huandikwa kwa Kiingereza, jambo la kusikitisha katika eneo ambalo Msamia, Mteso na Mjapadhola wanaelewana sokoni kwa Kiswahili. Ila michoro iliyo ubavuni inaeleweka bila lugha. Muuzaji akishindwa kukueleza hata michoro hiyo, nenda kwa mwingine.

Kikifika nyumbani kitundikwe karibu na mlango wa kutokea, mahali ambapo mtu mzima atakifikia gizani. Kisiwekwe juu ya jiko, kwa sababu moto ukiwaka hapo utalazimika kuuruka ili ukichukue. Tumeona pia vilivyofungiwa kabatini kwa kufuli visiibwe. Kila mwezi tazama kipimo, na kila mwaka kipelekwe kukaguliwa na fundi anayetambulika. Ukikitumia hata kwa sekunde mbili, kijazwe upya, kwani chembe za unga hubaki katika valvu na presha huvuja taratibu.

Namna ya kukitumia ni hii. Kwanza watoke watu wote, na mmoja wao apige simu. Simama hatua tatu au nne kutoka kwenye moto, mgongo wako ukielekea mlango. Chomoa pini. Elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, pale kinapoungua kitu chenyewe, wala si kwenye ndimi zinazocheza juu. Bana kishikio, kisha fagia kushoto na kulia ukisogea kadiri moto unavyorudi nyuma. Unga wa kilo 6 huisha chini ya nusu dakika, kwa hiyo hakuna muda wa kujifunza moto ukiwa umeshawaka. Ukiisha na moto bado upo, tupa mtungi na utoke.

Kuna moto usiopaswa kupigana nao kabisa. Ukishapanda darini, moshi ukishuka usawa wa kichwa, au ukiwa kati yako na mlango, kazi yako ni kutoka na watu wako. Nyumba ya nyasi tuiweke hapohapo: paa likishika, okoa watu, kisha mwagia maji paa za majirani. Na mlango huo wa kutokea ufunguke. Mwezi wa Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yalikuwa na nondo. Vyumba vingi vya nyuma ya maduka yetu vimejengwa vivyo hivyo kwa kuogopa wezi. Nondo ziwepo, lakini dirisha moja liwe na zinazofunguka kutoka ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Asiye na uwezo wa kununua kizimamoto asikate tamaa. Ndoo ya mchanga mkavu kando ya mlango huzima petroli kidogo au mafuta ya taa yaliyomwagika, na gunia lililoloweshwa maji na kukamuliwa hufunika karai au sigiri.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalotutia uchungu zaidi. Wapo wanaochelewa kupiga simu kwa sababu ndani mna petroli ya magendo na wanaogopa sare. Hatutawadanganya: magendo ni kosa, na baada ya moto maswali yatakuwepo. Lakini maswali hayo yanaweza kusubiri kesho, na mtoto aliye ndani ya moshi hawezi. Piga 999 au 112 kwanza. Upande wa Uganda, Zimamoto ni sehemu ya Polisi. Upande wa Kenya, tangu Katiba ya 2010, kazi hiyo ni ya serikali ya kaunti. Taja kinachoungua, na ukitaja petroli au gesi waziwazi utakuwa umewalinda wanaokuja kukuokoa. Eleza mahali kwa alama inayojulikana, kama Hospitali ya Dabani, shule, kanisa au msikiti, na umtume mwenye bodaboda asubiri kwenye njia panda alete gari la Zimamoto mpaka mlangoni. Vijia vyetu havina majina, na dakika nyingi hupotea hapo.

Vikundi vya akiba, vyama vya waendesha bodaboda, shule na makanisa yanayotaka kuonyeshwa matumizi ya kizimamoto kwa vitendo wawasiliane na afisa wa mahusiano ya jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu. Mwenye kizimamoto cha zamani aje nacho, hata kama muda wake umepita. Hicho ndicho tutakachokitumia kujifunzia.