Usichore njia nzima, anzia Tabora

Umewaita marafiki kwenye mchezo wa kubuni, umewaandalia ramani ya nchi nzima, halafu jioni ya tatu hatokei mtu. Kabla hujawalaumu, angalia ukubwa wa dunia uliyowapa.

Mwaka jana mume wangu alinitelekeza wiki tatu ndani ya nyumba yetu wenyewe. Hakuwa na nyumba ndogo. Alikuwa sebuleni, amepiga magoti juu ya karatasi nne za manila alizounganisha kwa gundi, anachora njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kila kambi, kila mto, kila mtemi. Chakula kinapoa mezani, yeye yuko Mpwapwa.

Alikuwa anaandaa mchezo. Kama hujawahi kuucheza, uko hivi: mnakaa mezani watu wanne au watano. Mmoja ni msimulizi, ndiye anayeijua dunia ya hadithi. Wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani: pagazi, mganga, binti wa mtemi, mfanyabiashara anayekimbia madeni. Mnasema mnachofanya, msimulizi anasema kinachotokea, na penye mashaka mnatupa dadu. Majini na mazimwi ruksa! Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Wapo wanaopenda kufuata hadithi iliyokwisha kupangwa, na wapo wanaotaka wapewe nchi tu, wazurure watakavyo. Mume wangu alitaka hiyo ya kuzurura.

Jioni ya kwanza tulikuwa watano. Ya pili, wanne. Ya tatu nilibaki mimi na shemeji yangu, naye nadhani alifuata pilau. Mume wangu akanuna, eti watu hawathamini kazi yake. Nami nikashindwa kunyamaza: "Baba watoto, umetupa kilomita 1,200 za kutembea, lakini hujatupa pa kukaa." Tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu tukakaa chini na kalamu, tukapiga hesabu.

HESABU YA MIGUU

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Siku 134 njiani. Henry Morton Stanley mwaka 1871 alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo. Ukichukua umbali wa kilomita 840 hivi, huyo wa haraka alipata wastani wa kilomita 10 kwa siku, ukijumlisha na siku za kupumzika. Usisahau kwamba pagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, Ugogo kulikuwa na hongo ya kulipa kwa watemi, na Mgunda Mkali maji yalikuwa ya shida.

Sasa jiulize, nyinyi mnakutana mara ngapi? Sisi ni mara moja kwa mwezi, na kwa jioni moja tunavuka siku tatu za safari, tukijitahidi sana. Kwa mwaka ni siku 36. Kwa mwendo huo, kufika Tabora tu ingetuchukua miaka miwili na ushei! Katika muda huo watu wanaoa, wanahamishwa kikazi, wanapata watoto. Nani atakusubiri?

DUARA AU MSTARI?

Hapo ndipo tulipogundua kosa la pili. Njia ni mstari. Kwenye mstari mchezaji ana mawili tu: kusonga mbele au kurudi nyuma. Unamwambia yuko huru, kumbe umemfunga kamba. Uhuru unahitaji njia panda.

Na njia panda kubwa ya bara ilikuwa Tabora. Mashariki unakwenda pwani. Magharibi unakwenda Ujiji. Kaskazini, Karagwe na Buganda. Kusini, Ufipa. Pembe za ndovu, shanga, nguo za merikani na chumvi ya Uvinza, vyote vilipita hapo, pamoja na habari zake.

Tukachukua bilauri, tukachora duara moja: siku tatu za kutembea kutoka Kazeh kila upande, kilomita 30. Utasema ni padogo? Hizo ni kilomita za mraba 2,800 hivi, wakati mkoa wa Tabora wa leo una zaidi ya 76,000. Ni chini ya asilimia 4 ya mkoa. Lakini humo kuna soko la Kazeh, kuna Itetemia alikokaa mtemi Fundikira, kuna misitu ya miombo na warina asali wake, na kuna vijiji ambako mapagazi wa Kinyamwezi walirudi kulima mvua zilipoanza. Kuna pia Kwihara. David Livingstone alikaa hapo kwenye tembe kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akingoja mapagazi. Nusu mwaka mahali pamoja! Tembe hilo leo ni makumbusho.

YA MBALI YAJE KAMA HABARI

Najua unachohofia: wachezaji wakifika ukingoni je? Jibu liko kwenye historia yenyewe. Urambo, makao ya Mirambo, iko nje ya duara letu. Lakini mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji, na Agosti mwaka huo vikosi vyake viliingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Stanley ilibidi azungukie kusini ndipo amfikie Livingstone, Novemba.

Umeona? Hukuhitaji kuchora Urambo yote. Ulihitaji mtu mmoja aingie sokoni anahema, aseme njia imefungwa. Wachezaji wakiamua kwenda kuona wenyewe, watakwambia, nawe utakuwa na mwezi mzima wa kuchora. Chora kule wanakoelekea, siyo kule unakotamani waende.

KABLA HAMJATUPA DADU

Kuna jambo moja zito. Njia hii ilipitisha pembe, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Mezani kwako anaweza kuwepo mtu ambaye ukoo wake una kumbukumbu hiyo. Kubalianeni mapema: mtalisema vipi, na nini hamtakifanyia mzaha. Rafiki aliyeumia moyo harudi jioni ya pili, hata dunia yako iwe nzuri namna gani.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

1. Hesabu jioni mlizonazo kwanza, kilomita baadaye.
2. Anzia penye njia panda, siyo mwanzo wa barabara.
3. Siku tatu za kutembea kila upande zinatosha mwaka wa kwanza.
4. Weka sehemu kumi tu, na kila sehemu mtu mmoja anayetaka kitu.
5. Acha pengo makusudi. Mchezaji akiuliza mlima ule unaitwaje, mwambie aupe jina yeye.

Hilo la tano ndilo lililoponya nyumba yangu. Binti yetu wa miaka 12 sasa anacheza nasi, na kisima kimoja karibu na Kwihara ni chake: kakipa jina, kakiwekea jini mwenye deni. Jirani aliyekuwa ameacha amerudi, na shemeji bado anakuja, pilau iwepo isiwepo.

Zile manila nne? Ziko juu ya kabati, zimekunjwa. Mume wangu anasema tutazihitaji siku tutakapotoka kwenye duara. Hatujatoka bado, na hakuna anayelalamika.