Mashine ya Nyasi Ikitoa Mlio wa Ajabu, Sikiliza Kabla ya Kumkata Mtu Mshahara

Masika yakishapita, nyasi za Nyali, Diani na Watamu huota kana kwamba zinashindana, na hapo ndipo simu zetu sisi mafundi wa injini ndogo huanza kulia. "Fundi, mashine ya nyasi inapiga kelele ya ajabu." Ukimuuliza mwenye nyumba ni kelele gani, hajui. Anayejua ni yule anayeisukuma kila siku, mtunza bustani, ambaye bado twamwita shamba boi hata akiwa na wajukuu. Na huyo ndiye asiyeulizwa. Yeye huambiwa tu kwamba ameua injini.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu nimeona watu wakikatwa mshahara kwa injini ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Mashine zinazoletwa kwangu zikiwa na mlio mgeni, mara nyingi injini ni nzima. Kosa liko kwenye kisu, au kwenye magurudumu, au ni bolti iliyolegea. Kulipata hakuhitaji mitambo. Kunahitaji masikio, spana mbili tatu, na kujua kwamba mashine inayokwenda yenyewe ni mashine tatu zilizofungwa pamoja.

Ya kwanza ni injini. Ya pili ni kisu, ambacho kwenye mashine nyingi za aina hii kimefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye ncha ya chini ya shafti kuu ya injini, kwa hivyo injini ikizunguka nacho kinazunguka, takribani mara 3,000 kwa dakika. Ya tatu ni mwendo: mkanda unaotoka kwenye shafti hiyo hiyo, ukapeleka nguvu kwenye giaboksi ndogo, na giaboksi ikazungusha gia za magurudumu, mara nyingi ya nyuma. Unapobana ule mkono wa mwendo, waya unavuta na mkanda unakaza au giaboksi inashika. Kazi yote ya kutafuta mlio ni kuzitenganisha hizi tatu, moja baada ya nyingine.

Kabla hujagusa chochote chini, zima injini, ngoja kisu kisimame kabisa, kisha chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi. Hili si la kubishana. Ukikizungusha kisu kwa mkono huku plagi imeunganishwa, injini yaweza kushika. Ukitaka kuilaza mashine, ilaze upande ambao kabureta na chujio la hewa vitabaki juu. Ukikosea upande, oili huingia kwenye chujio, na ukija kuiwasha utatoa moshi mweupe mpaka jirani adhani wachoma takataka. Pia usiijaribu mashine ndani ya stoo iliyofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na imeua watu.

Sasa jaribio la kwanza, ambalo karibu kila mtu hulisahau: isukume mashine ikiwa imezimwa. Mbele, nyuma, kisha mbele tena. Kama mlio uko pale pale, injini haihusiki. Itahusikaje nayo imelala?

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba za kupangisha huko Shanzu. Msimamizi alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba injini imekwisha na inunuliwe mpya, na mtunza bustani alikuwa ameshaarifiwa kwamba atakatwa nusu ya mshahara kwa miezi minne. Nikaizima mashine, nikaisukuma hatua kumi kwenye saruji. Kwaru, kwaru, kwaru, ule ule mlio. Nikafungua gurudumu la nyuma la kushoto, mchanga ukamwagika kama umetoka ufukweni, na meno ya gia ya plastiki iliyo ndani ya gurudumu yalikuwa yameliwa nusu. Magurudumu mawili na gia zake ndogo, kazi ikaisha mchana huo. Injini ile ingali inafanya kazi.

Gurudumu la mashine hizi lina duara la meno upande wa ndani, na kwenye shafti kuna gia ndogo inayoyashika. Chini ya gia hiyo ndogo mna kijichuma kinachoteleza, kinachoshika mashine ikijiendesha na kuachia gurudumu likitaka kwenda kasi zaidi, kwa mfano unapokata kona. Kijichuma hicho hutoa mlio mdogo wa tik-tik-tik unaofuata mwendo wa gurudumu, na kwenye mashine nyingi huo ni wa kawaida, hauna dawa wala hautaki dawa. Mlio wa kukwaruza, au wa kuruka ka-ka-ka huku mashine ikisitasita, huo ndio wa gia zilizolika. Unapofungua, weka alama ipi ya kulia na ipi ya kushoto, kwa sababu ukizibadilisha mashine itagoma kwenda mbele. Safisha kwa brashi. Na tafadhali, msijaze grisi humo. Najua kuna mafundi wenzangu watakaonipinga, lakini kwa mchanga wetu wa Pwani grisi nyingi hugeuka msasa. Pakaa kidogo sana, basi.

Kama mashine ni kimya ukiisukuma, rudisha waya wa plagi, iwashe, lakini usishike mwendo. Iache isimame pahali pamoja. Mlio ukitokea hapo, ni injini au kisu. Namna ya kuvitofautisha ni mikono yako. Kisu kikiwa na tatizo, mtetemeko hupanda hadi kwenye viganja, na nati za mkono wa mashine hulia zote pamoja. Hapa kwetu sababu haziko mbali: jiwe la tumbawe lililochomoza ardhini, kisiki cha mnazi, makumbi na vifuu vilivyofichwa na nyasi ndefu. Kisu kinapogonga kitu kama hicho, ama kinapinda, ama bolti inalegea, ama shafti yenyewe inapinda.

Kupima ni rahisi. Zima, chomoa waya wa plagi, ilaze. Vaa glavu nene. Chagua pahali kwenye ukingo wa lile bakuli la chuma linalofunika kisu, pima umbali wa ncha moja ya kisu hadi hapo, kisha zungusha nusu mzunguko upime ncha ya pili. Vipimo vikitofautiana, kuna kilichopinda. Funga kisu kipya kilichonyooka upime tena. Tofauti ikiondoka, kisu ndicho kilikuwa mkosa. Ikibaki, shafti imepinda, na hiyo ndiyo habari mbaya, kwa sababu kunyoosha shafti kwa nyundo, kama nilivyoona kukifanywa, ni kujitafutia balaa. Kisu hakinyooshwi pia. Chuma kilichokunjwa kikakunjuliwa kinaweza kukatika kikizunguka, na kipande chake hakichagui mguu wa nani.

Kuna na kisu ambacho hakikupinda ila kimenolewa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kining'inize kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, unoe kidogo mpaka kisu kikae sawa. Ni dakika tano za kazi, na mtetemeko ambao watu huvumilia miaka unakwisha.

Baada ya kugonga kisiki, mashine nyingine huwa haiwaki kabisa, au inavuta kamba ya kuwashia irudi ndani kwa nguvu hadi vidole viume, au inapasuka pa! kwenye salansa. Wengi hapo husema pistoni. Angalieni kwanza kijichuma kidogo kinacholifunga gurudumu zito lililo juu ya injini, lile lenye sumaku, kwenye shafti. Kimetengenezwa kwa chuma laini makusudi, ili kikatike chenyewe kabla ya vitu vya ghali kuvunjika. Kikikatika hata kidogo tu, moto wa plagi huja wakati usiofaa. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na injini anayotaka kukuuzia mtu.

Milio mingine ya pahali pamoja haina uzito. Bati la juu ya injini likilegea hutetemeka kama sufuria. Lifinye kwa kipande cha mti, likinyamaza umelipata. Salansa huliwa na chumvi ya bahari, na ikitoboka injini hunguruma kama pikipiki ya vijana wa Mtwapa, inaudhi lakini haijafa. Nyasi kavu zikijaa kwenye mapezi ya kupoza injini huleta mlio wa kuparuza, na hizo zitolewe haraka kwa sababu injini itachemka.

Sasa shika mwendo. Kama mlio umeanza hapo tu, ni upande wa mkanda na giaboksi. Mlio mwembamba wa kulia kama paka, pamoja na mashine kwenda kwa uvivu na harufu ya mpira ulioungua, ni mkanda unaoteleza. Huenda umeisha, umelowa, au waya wa mwendo umelegea. Kaza waya kwanza, kwa ile nati ndogo iliyo juu yake, ndipo ufikirie kununua mkanda. Mngurumo mzito unaobadilika na mwendo ni beringi au giaboksi yenyewe, na hapo mwite fundi.

Mlio mmoja tu ndio wa kukufanya uzime papo hapo. Ni mgongo wa ko-ko-ko, mzito, unaotoka ndani ya injini na kuongezeka ukikata nyasi nene. Hiyo ni konrodi inayokosa oili. Injini nyingi za mashine hizi hazina pampu ya oili kama ya gari. Ndani mna kitu kinachozunguka na kuirusha oili kila upande, na oili yenyewe ni kama nusu lita tu au zaidi kidogo. Ikipungua kikombe kimoja cha chai, imepungua sana.

Na hapa nina neno na wenye mahoteli. Vitabu vya mashine nyingi husema badilisha oili baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 25 au 50, au mara moja kwa mwaka. Hiyo mara moja kwa mwaka imeandikiwa mtu wa Ulaya mwenye kiwanja kama mkeka, anayekata Jumamosi wakati wa kiangazi chake. Mashine inayofanya kazi saa 5 kila siku inafikisha saa 50 kwa siku 10. Mwaka mzima bila kubadilisha oili, halafu injini ikigonga alaumiwe anayeisukuma?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mchanga kwenye gia si makusudi ya mtu. Mkanda kuisha si makusudi. Sheria hiyo hiyo inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na wako wanaoisoma sehemu hii peke yake, wakaruka ile ya mwanzo.

Kwa ndugu zangu mnaozisukuma mashine hizi: chukueni daftari la shule, andikeni tarehe, saa mlizofanya kazi, siku oili ilipobadilishwa na nani, na siku mlio ulipoanza. Mkiusikia mlio mgeni, semeni siku hiyo hiyo, na ikiwezekana mtume ujumbe wa simu ili ubaki. Elezeni unatokea lini: mashine ikisukumwa imezimwa, ikiwa imesimama inanguruma, au ukishika mwendo. Fundi akipewa hayo matatu, nusu ya kazi imekwisha kabla hajafungua sanduku lake. Na kabla nyasi hazijapanda, zungukeni kiwanja na ndoo ya chokaa, kila jiwe la tumbawe na kila kisiki cha mnazi kipigwe alama.