Mapenzi, Pepo na Chuo cha Mbudye

Vijana wengi wanaosikiliza vitabu kwenye simu siku hizi wamenaswa na riwaya za mapenzi ya malaika na mashetani. Inayojulikana sana ni Fallen ya Mmarekani Lauren Kate, iliyotoka mwaka 2009. Msichana Luce anapelekwa katika shule iitwayo Sword & Cross, anampenda kijana Daniel, kumbe Daniel ni malaika aliyeanguka. Wapo wazazi wanaoziona hadithi hizi kuwa ni mambo ya wageni. Lakini kwa mtu wa Kabondo-Dianda, kwenye reli itokayo Kamina kwenda Bukama nchini Kongo, ugeni huo ni mdogo mno. Shule yenye siri, mpenzi wa ajabu, pepo wanaoingia katika maisha ya watu: yote haya yalisimuliwa kwa sauti katika nchi ya Waluba, watu wa huko, kabla ya mtu yeyote kuota simu.

Shule yenyewe ilikuwa chama cha siri kilichoitwa Mbudye. Wanachama walipanda daraja baada ya daraja, na wafalme na wakuu nao walipita humo. Waliofika juu walifundishwa kusoma lukasa, kibao cha mbao kinachoshikika kwa mkono mmoja, chembamba katikati, kilichopachikwa shanga, kauri au vipande vya chuma. Msomaji hukishika kwa mkono wa kushoto, kisha hupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya shanga, taratibu, huku akisimulia na kuimba. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na vidogo waweza kuwa mkuu na watu wake. Mstari wa shanga waweza kuwa safari. Kibao kilekile hutoa masimulizi tofauti kwa msomaji mwingine na kwa hadhira nyingine. Na umbo lake ni la kobe, alama ya Lolo Inang'ombe, pepo wa kike aliye mlezi wa Mbudye.

Hadithi kuu iliyotunzwa humo ni ya mapenzi yenye hatari. Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi na katili, anatawala. Kutoka mashariki anakuja mwindaji Mbidi Kiluwe, mwana wa mfalme, mweusi wa kung'aa, mwenye adabu kiasi kwamba hali wala hanywi mbele za watu. Nkongolo hula hadharani na kucheka kinywa wazi. Mbidi anamwoa Bulanda, dada wa Nkongolo, lakini hawezi kukaa na shemeji wa namna hiyo. Anaondoka na kumwacha Bulanda mjamzito, na mtoto anayezaliwa ni Kalala Ilunga.

Mtoto anakua, anamshinda mjomba wake kwenye michezo. Mama yake Nkongolo anapomcheka mwanawe kwa kushindwa, anazikwa akiwa hai. Kisha Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani yake, analifunika na kumwalika mpwa wake acheze ngoma juu yake. Kalala anaonywa, anaponyoka, anakimbilia kwa baba yake ng'ambo ya mto Lualaba, na anarudi na jeshi. Nkongolo anakatwa kichwa.

Hapa ndipo ninapoiona hadithi ya Waluba kuwa na kina kuliko nyingi za mbingu na jehanamu. Nkongolo hafutwi. Anabaki katika ukoo, ni nyoka wa upinde wa mvua, na Kalala Ilunga amebeba damu yake pamoja na adabu ya Mbidi. Ufalme ulihitaji vyote viwili. Msikilizaji hapewi malaika wa kumshangilia na shetani wa kumzomea. Anapewa kijana mmoja aliyezaliwa na pande zote mbili.

Hata kifo hakikukata uhusiano. Mfalme wa Waluba alipofariki, roho yake ilimpanda mwanamke aliyeitwa Mwadi. Mwadi alirithi makao ya mfalme, alama zake za utawala na hata wake zake, akaheshimiwa kama mfalme mwenyewe. Mwandishi gani wa riwaya za pepo asingeitamani sura kama hiyo?

Vibao vingi vya lukasa sasa viko kwenye makumbusho, ya Brooklyn pale New York yakiwa mojawapo. Vitabu vinaeleza shanga zake vizuri, lakini kitabu hakiimbi. Sauti ndiyo inayopotea upesi, na ndiyo hasa simu inayoweza kuitunza.

Basi kijana wa Kabondo-Dianda mwenye simu na mwenye babu au bibi anayejua masimulizi haya, nakuomba: keti naye, muombe ruhusa kwanza, kwa maana mengine ni siri ya Mbudye na hayatolewi ovyo. Akikubali, mrekodi kwa Kiluba kama anavyosimulia, halafu mtafute msomaji mzuri wa Kiswahili ayasimulie upya kwa wale wanaosikiliza Lubumbashi, Kigoma na Mombasa. Sura ya kwanza iwe ile ya Mbidi Kiluwe anapoivuka Lualaba.