Kampuni inapoanguka: kutia saini si kusikilizwa

Mwaka 2003, huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, maelfu ya wafanyakazi wa Gécamines waliombwa kuondoka kazini "kwa hiari". Walikuwa watu waliotumikia kampuni kwa miaka 25 na zaidi, na mishahara yao ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi. Waliotia saini walipita 10,000. Benki ya Dunia ndiyo iliyotoa pesa. Kiasi cha kila mmoja kilikuwa kimekwisha kupangwa. Kwake ilibaki kukubali au kukataa.

Gécamines yenyewe haikufungwa, lakini ilikuwa hoi. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 2003 haikufikisha hata tani 50,000. Kwa familia za Katanga, kupungua huko hakukugusa mshahara peke yake. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na unga. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na mama.

Pesa za kuondokea ziliisha haraka katika nyumba nyingi, malalamiko yakabaki. Mwaka 2009, kundi la waliokuwa wafanyakazi lilipeleka shitaka kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia. Walisema malipo yao hayakuhesabiwa kufuatana na sheria ya kazi ya nchi. Lakini walikuwa wanalia baada ya saini, si kabla yake.

Na haki ya kusikilizwa kabla haikuwa jambo geni. Tangu 1987 nchi ilikuwa imeridhia Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo unamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi awaeleze mapema wajumbe wa wafanyakazi: sababu ni zipi, watu wangapi wataguswa, na lini. Kisha wakae pamoja kutafuta njia ya kuepuka pigo hilo au kulipunguza.

Leo kuna sheria nyingine. RDC iliingia OHADA mwaka 2012. Kampuni inaposhindwa kulipa madeni na kufikishwa mbele ya tribinali, msimamizi aliyewekwa hawezi kufukuza watu kwa uamuzi wake tu. Ni lazima awaandikie wajumbe, awape orodha ya wanaotarajiwa kuondolewa, na aeleze kanuni alizotumia kuwachagua. Wajumbe wana siku nane za kujibu kwa maandishi. Baada ya hapo ndipo hakimu anaamua. Tena, sehemu ya mishahara isiyolipwa hutangulia madeni ya benki na ya wauzaji wengine.

Siku nane ni chache. Mjumbe anayeanza kutafuta karatasi siku anapopokea barua amekwisha kuchelewa. Anahitaji kuwa tayari na miaka ya kazi ya kila mmoja, miezi ambayo haijalipwa, na nakala za mikataba. Jibu lisilo na hesabu hakimu ataliweka pembeni. Lenye hesabu litabidi lijibiwe.

Kampuni iliyoishiwa haiwezi kuokolewa na barua. Lakini kati ya mtu anayeonyeshwa mahali pa kutia saini na yule aliyeulizwa kwanza, tofauti inaweza kuwa miezi kadhaa ya mshahara, na amani ya nyumbani kwa miaka mingi.